Uzito Ukae Wapi

Anayetaka kutengenezewa bunduki nyepesi ya kulengea shabaha mara nyingi humwendea fundi akiwa na jibu tayari: kitako kiwe cha alumini. Imani hiyo inaeleweka. Alumini ndiyo tuliyozoea kuiona kwenye mabawa ya ndege, kwenye fremu za baiskeli na kwenye ngazi ndefu ambayo mtu mmoja huibeba begani bila kuhema. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, na ya chuma gramu 7.85 hivi. Lakini kitako, yaani sehemu yote inayobeba mtutu na mtambo na kuviunganisha na mwili wa mlengaji, hakijawahi kushindana na chuma. Tangu enzi za gobore kimekuwa cha mbao, na mbao iliyopendwa zaidi na mafundi wa Ulaya, ya mjozi, ina gramu 0.65 hivi kwa sentimita hiyohiyo. Alumini ni nzito mara nne kuliko mbao inayokuja kushika nafasi yake. Mtu akimpa fundi kitako cha mjozi na kumwagiza anakili umbo lilelile kwa alumini, atarudishiwa kitu ambacho hata mchezaji mwenye mabega mapana atakilalamikia kabla ya saa moja kupita. Hoja nitakayoitetea katika sura hii ni kwamba alumini yenyewe haileti wepesi. Inachompa mbunifu ni uwezo wa kuamua nyenzo ikae wapi na iondolewe wapi, na asiyeutumia uwezo huo angebaki na mbao akawa na bunduki bora zaidi kwa bei nafuu.

Mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko mingine ni baiathloni, ambao mchezaji huteleza kwa ski juu ya theluji akiwa na bunduki mgongoni, kisha husimama kulenga shabaha huku moyo ukidunda kwa kasi. Mchezo huu umekuwa katika Olimpiki ya majira ya baridi tangu mwaka 1960, mwanzoni kwa bunduki za kalibri kubwa zenye asili ya kijeshi, na kuanzia mwaka 1978 kwa risasi ndogo ya .22. Shabaha huwa umbali wa mita 50. Anayelenga akiwa amelala hutakiwa kupiga duara la milimita 45, na anayelenga akiwa amesimama duara la milimita 115. Katika mbio za kilomita 20 za wanaume hufanya hivyo mara nne, risasi tano kila mara. Sasa tazama kanuni moja iliyo muhimu kwa mada yetu: bunduki pamoja na vifaa vyake vyote, isipokuwa magazini na risasi, haipaswi kupungua kilo 3.5. Hapo ndipo ndoto ya kushindania wepesi tu inapogota ukutani. Mbunifu anayeteremsha uzito hadi kilo 3.2 hapati ushindi wowote. Atalazimika kurudisha gramu 300 kabla bunduki haijaruhusiwa kuingia uwanjani. Swali halisi linahama. Halihusu tena gramu ngapi zimeondolewa. Linahusu gramu ambazo zitarudishwa ziwekwe wapi, na hilo ni swali lenye manufaa makubwa zaidi hata kwa mlengaji ambaye hajawahi kuiona theluji na ambaye bunduki yake haitapimwa na mwamuzi yeyote.

Ili kuona nyenzo inafanya kazi gani, chukua sehemu moja tu ya kitako, ule mkono unaotoka nyuma ya mtambo kwenda begani, na uuchukulie kuwa na urefu wa sentimita 25. Tuseme tumejiwekea bajeti ya gramu 120 kwa sehemu hiyo. Kwa gramu hizo tunaweza kupata nondo ya alumini iliyojaa, yenye kipenyo cha milimita 15. Tukiishika kwa nguvu upande mmoja na kuning'iniza kilo kumi upande wa pili, ncha itashuka milimita tatu hivi. Kwa gramu zilezile tunaweza kukereza ufito wa mjozi wenye kipenyo cha milimita 30 na nusu, na ukining'iniziwa mzigo huohuo utashuka milimita moja. Mbao imeishinda alumini mara tatu, ijapokuwa alumini ina ukakamavu mara sita hivi wa mbao hiyo ukilinganisha vipande vya ukubwa mmoja. Sababu ni kwamba mbao, kwa kuwa nyepesi, iliweza kuwa nene, na katika kupinda unene una nguvu kuliko jina la nyenzo: kipenyo cha ufito kikiongezeka mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara kumi na sita. Sasa chukua alumini ileile, bila kuongeza hata gramu moja, uifanye bomba lenye kipenyo cha milimita 30 na ukuta wa milimita 2. Ncha itashuka chini ya nusu milimita. Ni madini yaleyale na uzito uleule, lakini ukakamavu umeongezeka mara saba kwa sababu tu nyenzo imesogezwa mbali na katikati, mahali ambapo haikuwa na kazi, ikapelekwa pembeni, mahali ambapo kupinda huanza.

Namba hizo tatu, milimita tatu, milimita moja, na chini ya nusu milimita, ndizo msingi wa hoja yangu yote, na zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Zinasema kwamba alumini iliyojaa ni chaguo baya kuliko yote, mbao ni chaguo zuri bila juhudi kubwa, na alumini yenye uwazi ndani ni bora zaidi, ila kwa masharti. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tusitoboe mbao nayo ikawa bomba? Inawezekana, na mafundi wa vitako vya mbao hutoboa matundu ndani ya kitako ili kupunguza uzito. Lakini mbao ina nguvu kwa kufuata nyuzi zake, na ukiukata upana wa nyuzi hizo inapasuka kwa urahisi. Ukuta wa mbao wenye milimita 2 hauwezi kukazwa skrubu, na ukiangushwa kwenye barafu hautanusurika. Alumini haina mwelekeo wa nyuzi wa kuogopwa namna hiyo. Inavumilia ukuta mwembamba pande zote, inavumilia skrubu kama imepewa unene mahali pa skrubu, na ikigongwa hubonyea kabla ya kuvunjika. Faida yake kwa mbunifu imo katika uvumilivu huo, ambao hauonekani kwenye mizani.

Kuna kosa jingine linalofanana na la kwanza, nalo ni kudhani kwamba aloi ya bei kubwa italeta kitako kikakamavu zaidi. Wauzaji hupenda kutaja 7075-T6, aloi inayotumika katika miundo ya ndege, na ni kweli kwamba huanza kuharibika umbo kwenye mkazo wa karibu megapascal 500, wakati 6061-T6, ambayo ni ya kawaida na ya bei nafuu, hufikia 276 hivi. Lakini hiyo ni nguvu, yaani mzigo gani utaiharibu moja kwa moja. Ukakamavu, yaani itapinda kiasi gani chini ya mzigo wa kawaida kabla ya kurudi ilivyokuwa, unakaribia kuwa sawa kwa aloi zote za alumini, karibu gigapascal 70. Kitako cha bunduki ya .22 hakikaribii kamwe mzigo wa kukiharibu. Kinachotusumbua ni kupinda kudogo. Mwenye fedha ya kununua 7075 angefanya vyema zaidi kuinunua 6061 na kuitumia akiba kwa saa za ziada za mchoro. Zaidi ya hayo, 6061 inakubali kuchomelewa, ilhali 7075 kwa njia za kawaida za kuchomelea huwa inapasuka. Hata hivyo hiyo 6061 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake karibu na mstari wa kuchomelea, kwa hiyo mstari huo usiwekwe pale mkono wa kitako unapokutana na mtambo, sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote.

Kama mbao inajitetea vizuri hivyo, kwa nini walengaji wengi wa kiwango cha juu wameiacha? Jibu liko kwenye unyevu. Mbao ya mjozi ikitoka kwenye ubichi hadi ukavu kamili husinyaa kati ya asilimia 5 na 8 kwa upana wake, na ingawa kitako kilichokaushwa na kupakwa mafuta hakifikii kiwango hicho, hakiachi kusogea. Mvua ya asubuhi moja inaweza kubadilisha mkazo wa bolti zinazoshika mtambo, na mbao ikivimba hadi kuugusa mtutu uliotakiwa kuelea huru, risasi huhama bila mlengaji kukosea chochote. Hilo ndilo tatizo ambalo Malcolm Cooper wa Uingereza alilielewa kutoka upande wa mchezaji. Alishinda dhahabu ya Olimpiki katika bunduki ya mita 50 ya mikao mitatu mwaka 1984 huko Los Angeles, akashinda tena mwaka 1988 huko Seoul, na kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Accuracy International, ikatengeneza bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliichukua katika miaka ya 1980 kwa jina la L96A1. Ndani yake mtambo umefungwa kwenye uti wa alumini unaopita urefu wa kitako, na kile ambacho mkono unakishika kwa nje ni maganda mawili tu ya plastiki. Ubunifu huo ulitenganisha kazi mbili ambazo mbao ilikuwa ikizifanya kwa pamoja: kubeba mtambo bila kuyumba, na kuupendeza mwili wa binadamu. Naona hilo kuwa wazo kubwa kuliko uchaguzi wa madini yenyewe. Katika michezo ya shabaha, bunduki za hewa kama Feinwerkbau 700 Alu na Walther LG 400 Alutec zinafuata mantiki hiyohiyo.

Turudi kwenye uzito na mahali pake. Mlengaji aliyesimama anataka bunduki isiyotikisika haraka mtutu unapopeperushwa na upepo au mapigo ya moyo. Upinzani dhidi ya mzunguko huo hutegemea uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye kitovu cha uzito wa bunduki, umbali huo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Gramu 100 zikikaa sentimita 50 kutoka kitovuni hupinga mzunguko mara 25 zaidi ya gramu 100 zilezile zikikaa sentimita 10. Kwa hiyo mlengaji wa ukumbini, ambaye kanuni za bunduki ya hewa ya mita 10 zinamruhusu bunduki ya hadi kilo 5.5, anafanya akili akipunguza uzito katikati na kuuongeza kwenye ncha. Mchezaji wa baiathloni anavutwa na mahitaji mawili yanayogombana. Akiwa amesimama kulenga anataka yaleyale ya mlengaji wa ukumbini. Akiwa anapanda mlima, mgongo wake ukipinda kushoto na kulia kwa kila hatua ya ski, uzito uliotawanyika hadi ncha za bunduki unamrudisha nyuma kila anapobadili upande, naye angependa gramu zote zikae katikati ya mabega. Hakuna kitako kinachoridhisha pande zote mbili kikamilifu. Lakini kitako chepesi kinamwachia mchezaji gramu mia mbili au tatu za kuamua mwenyewe, ilhali kitako kizito kimekwisha kumwamulia.

Hapo ndipo pa kusema neno kuhusu matundu. Vitako vingi vya alumini huuzwa vikiwa vimetobolewa pande zote hadi kufanana na sega la asali, na mnunuzi hufurahi kwa sababu wepesi unaonekana kwa macho. Matundu yaliyo ubavuni, karibu na mstari wa kati, yanaondoa nyenzo ambayo haikuwa na kazi kubwa, nayo ni sahihi. Matundu yaliyo juu na chini, kwenye nyuso zinazovutwa na kubanwa mkono unapopinda, yanaondoa hasa ile nyenzo tuliyoisogeza pembeni kwa makusudi. Gramu kumi zinazopatikana hapo zinaweza kugharimu ukakamavu ambao kuurudisha kutahitaji gramu thelathini. Pia kila kona ya ndani iliyochongwa kwa ncha kali ni mahali pa ufa kuanzia, kwa sababu alumini, tofauti na vyuma vingi, haina kiwango cha mkazo mdogo ambacho chini yake inaweza kutikiswa milele bila kuchoka. Kona ziwe za duara. Kuhusu namna ya kutengeneza, kuchonga kitako kizima kutoka kwenye bonge moja kunasifiwa kupita kiasi. Bonge la sentimita 70 kwa 15 kwa 5 lina kilo 14, na kitako kinachotoka humo kikiwa na kilo moja, kilo 13 zimekwenda kuwa chenga sakafuni. Mabomba na bamba vilivyounganishwa kwa bolti au gundi ya epoksi vinatoa matokeo yanayokaribiana, na vinaruhusu kubadilisha sehemu moja bila kutupa nzima.

Neno "maalumu" katika kitako maalumu lina thamani yake ya gramu pia. Kitako cha kiwandani lazima kimfae mtu yeyote, kwa hiyo kina reli za kurefusha, skrubu za kupandisha kiegemeo cha shavu, bawaba za bamba la begani. Kila kiungo cha namna hiyo ni vipande viwili vinavyopishana, bolti yake, na unene wa ziada wa kuishikilia, na kila kimoja ni mahali pa kulegea. Kitako cha mtu mmoja kinaweza kupimwa kwanza kwa kielelezo cha mbao laini au povu gumu, urefu kutoka kifyatulio hadi begani ukathibitishwa katika mkao wa kulala na wa kusimama, kisha vipimo hivyo vikafungwa moja kwa moja kwenye alumini ya mwisho. Hilo halifai kwa kijana anayeendelea kukua, wala kwa mlengaji wa mikao mitatu ambaye kiegemeo chake cha shavu lazima kihame kutoka mkao hadi mkao. Kwa mchezaji wa baiathloni mwenye umri wa utu uzima, ambaye hana muda wa kugeuza skrubu yoyote akiwa uwanjani, nyingi ya reli hizo ni mzigo anaoubeba kilomita 20 bila kuutumia.

Pingamizi la baridi ni zito, na haliepukiki katika mchezo ambao mashindano hufanyika hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Alumini hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, na shavu linaloigusa katika baridi hiyo huumia. Suluhisho ni lile la Cooper: uti wa alumini usiguswe na ngozi, na sehemu za shavu, kiganja na vidole ziwe za mbao, koki au plastiki. Pingamizi linalofuata hutajwa mara chache, ijapokuwa linahusu usahihi moja kwa moja. Alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya baridi. Bunduki ikitoka chumbani kwenye nyuzi 20 hadi nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bolti mbili zilizo sentimita 15 mbali zitavutana kwa tofauti ya milimita 0.07 hivi kati ya mtambo wa chuma na uti wa alumini. Ni kiasi cha unywele, lakini kinatosha kuupinda mtambo kidogo kama bolti zote mbili zimebana tunduni bila nafasi. Jino la chuma lililo chini ya mtambo lishikwe barabara mbele, na tundu la bolti ya nyuma lipewe nafasi ya kutosha ili mtambo uteleze badala ya kujipinda. Mwindaji anayetumia risasi nzito ana pingamizi lake pia, la teke: bunduki ikishuka kutoka kilo 4 hadi 3, nishati inayolipiga bega huongezeka kwa theluthi moja. Kwake wepesi una bei ambayo mchezaji wa .22 haijui.

Linabaki pingamizi la nyuzi za kaboni, na hapa haki itendeke. Kaboni ina uzito wa gramu 1.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, na nyuzi zake zikipangwa kufuata mzigo huipita alumini kwa ukakamavu na kwa wepesi pia. Kiwanda kinachotengeneza vitako mamia vya umbo moja kina sababu nzuri ya kuichagua. Kwa kitako cha mtu mmoja hesabu inabadilika. Ukungu unatengenezwa kwa matumizi ya mara moja, mahali pa bolti bado panahitaji vipande vya chuma au alumini kwa kuwa kaboni husagika inapokazwa, na mlengaji akigundua baada ya mwezi kwamba bega lake linataka milimita nne zaidi, hakuna cha kukereza wala cha kusogeza. Penye chumvi na unyevu, alumini inayogusana na kaboni huliwa na kutu yake ya umeme, kwa hiyo zinazokutana lazima zitenganishwe kwa gundi au kitambaa cha kioo. Alumini peke yake hulindwa kwa kuzamishwa ndani ya asidi na kupitishiwa umeme hadi ijioteshee ngozi ngumu ya oksidi, na fundi mwenye mashine ya kukereza na tupa anaweza kuirekebisha wakati wowote kabla ya hatua hiyo.

Kwa sababu hiyo hatua hiyo ya oksidi iwe ya mwisho kabisa. Kabla yake kitako kifungwe mtutu, mtambo, vilengeo na mikanda, kipimwe, na upungufu wowote hadi kilo 3.5 ujazwe kwa vipande vidogo vya chuma vinavyoweza kuhamishwa kando ya uti, kutoka chini ya mtutu hadi karibu na bega. Mchezaji ateleze navyo na alenge navyo katika kila nafasi, kwa wiki kadhaa ikibidi, na fundi asitoboe tundu la kuvifunga mpaka mchezaji amemwambia ni wapi.